Ladidi na Jini wa Mkwajuni

Ukitaka kumjua Ladidi, usimwangalie, msikilize. Ukimwangalia utaona mwanamke wa miaka arobaini, mwembamba, miwani imefungwa uzi upande mmoja, kakaa mkekani katika ua wa kaka yake hapa Kano, ndani ya mji mkongwe, anadarizi kofia za wanaume. Basi. Lakini ikifika alasiri, watu wameshaswali na waume wamerudi sokoni, Ladidi huchomeka sindano kwenye kofia, hukohoa mara mbili, hubonyeza simu yake, na wanawake mia moja na kumi na wawili katika nyumba zao huacha walichoshika.

"Baraza la Ndani, kaeni kitako," husema, kisha huanza kusoma. Siku hizo jina lake hakuwa akilitaja, na sisi hatukuwahi kujiuliza kwa nini.

Jina hilo la Baraza la Ndani nililitoa mimi, Mairo, na sioni haya kujisifu. Waume zetu wana baraza zao mlangoni, wanakaa kutwa wakijadili serikali na mpira, na hakuna anayewauliza wamepata faida gani. Sisi wa kutawa, tunaokaa ndani, tukafungua letu kwenye wasapu. Kati yetu wako wasiojua kusoma, wako wenye macho mabovu, wako wenye mtoto mgongoni na mwingine mapajani, kwa hiyo Ladidi anatusomea riwaya kwa ujumbe wa sauti, halafu tunaijadili mpaka magharibi. Anayedhani wanawake wa ndani hawana la kusema, aje asome jumbe zetu za siku moja, kama macho yake yatavumilia.

Mwaka ule tulikuwa na *Kijana wa Mkwajuni*. Mwandishi wake ni mwanamke wa Katsina anayejificha nyuma ya jina la kubuni, na alikuwa akitoa sura moja kila Ijumaa. Ni habari za Nafisatu, msichana wa sekondari, miaka kumi na saba. Nyuma ya shule yao kuna mkwaju, na chini ya mkwaju kuna kijana mzuri wa kanzu nyeupe isiyoshika vumbi. Kumbe ni jini. Anampenda Nafisatu, anampulizia manukato kwenye daftari la hesabu, na kila mchumba anayekuja kuposa anavunjika mguu njiani.

"Jini mwenyewe ana miaka mia tatu," niliandika siku ya sura ya nne. "Anataka nini kwa mtoto wa shule? Kwao hakuna wajane?"

"Wivu tu, Mairo," akanijibu Shangazi Delu. "Mumeo hata udi wa kuazima hajawahi kukufukizia. Mtu wa Zaria utajulia wapi mapenzi? Kwenu mchumba akileta muwa mmoja mnapiga vigelegele."

Watu wa Zaria na wa Kano ni watani, kila upande unadai mwenzake ni mtumwa wake, kwa hiyo sikumwacha. "Nyamaza wewe. Nilikutuma kuni asubuhi, sasa uko kwenye simu?"

Tulicheka sana. Kisha Suwaiba, mdogo kuliko sote katika kundi lile, akaandika: "Mimi shida yangu si umri wa jini. Jini anamtaka Nafisatu. Mchumba anamtaka. Baba yake anataka mkwe. Nafisatu mwenyewe tangu sura ya kwanza hajasema anataka nini, na hakuna aliyemuuliza. Nyie hamjaona?"

Hatukuwa tumeona. Mtu akauliza bei ya vitunguu.

Lakini kilichotuteka wengi ilikuwa ni ile sauti. Ladidi akifika mahali jini anaposema, hushusha sauti ikawa nzito, ya taratibu, ya kutoka chini ya kitovu. Mwanangu wa miaka sita alikuwa akiisikia anakimbilia chini ya kitanda. Na watu walikuwa na maelezo yao: walisema pale si Ladidi anayesoma, ni jini mwenyewe anasoma sehemu yake.

Maana Ladidi alikuwa na jini, kila mtu alijua. Aliolewa na miaka kumi na sita, akapewa mfanyabiashara wa mchele aliyekwisha kuwa na wajukuu. Siku ya arobaini ya ndoa, jini akampanda. Sauti nzito ikasema: huyu ni mke wangu tangu hajavunja ungo, na mwanamume atakayemgusa nitampofusha macho. Mzee wa mchele alitoa talaka kabla ya adhuhuri. Ladidi akarudi kwao, na tangu hapo hakuna aliyemposa, nani atagombania mke na jini? Lakini pia hakuna aliyemkera. Kaka yake Sani ni mtu wa kufoka, wake zake wawili hutembea kwa vidole, ila akifika kwa Ladidi hushusha sauti na kumwita dada. Chumba ni chake, simu ni yake, alasiri ni yake. Jini yule ndiye aliyekuwa akimlinda, miaka ishirini na minne.

Sasa nirudi kwa Suwaiba. Nyumba yao na yangu zimegawana ukuta. Baba yake ni Malam Yunusa, mwalimu wa shule ya msingi, mpole, asiyependa ugomvi na mtu. Mama yake ni Binta, na Suwaiba ndiye mzaliwa wake wa kwanza. Kwetu mama mwenye haya zake hamtaji kwa jina mtoto wake wa kwanza, wala hamkumbatii mbele za watu. Binta alizishika haya hizo kuliko mtu yeyote ninayemjua. Miaka kumi na minane nimeishi nyuma ya ukuta ule, nimemsikia akisema "wewe", "yule msichana", "mwambieni huyo aje". Suwaiba, hata siku moja.

Msichana alipata nafasi chuo cha uuguzi. Mwezi uleule, Alhaji Sagiru mwenye maduka ya matairi, mtu wa rika la baba yake, alipeleka posa, na wakubwa wakapokea. Masanduku ya nguo yakaja, manane, yakapangwa chumbani. Desturi ni kwamba masanduku yakija bibi harusi anayafungua na wenzake, wanashika kitambaa hiki na kile, wanapiga kelele. Suwaiba hakuyagusa. Akaacha kula vizuri. Akawa anakaa peke yake na daftari. Alipoulizwa, alijibu: "Sitaki kuolewa. Nataka kwenda chuo."

Ungedhani ni maneno ya Kihausa safi, yanaeleweka. La. Shangazi Delu, dada yake Malam Yunusa, alikwenda kwa kaka yake akahesabu kwa vidole: hali chakula, anapenda upweke, ananukia marashi, anakataa mchumba mwenye mali. "Huyu mtoto ana jini mahaba," akasema. "Dalili zote hizi nazijua." Alizijua, ndiyo. Alizijua kutoka sura ya tano. Ila hilo hakumwambia kaka yake, kwa sababu siku zote alijifanya kwake kwamba vitabu vya mapenzi ni uozo na hata simu anaitumia kwa salamu za wagonjwa tu.

Malam Yunusa alishtuka, na kama nilivyomwona, pia alipumua. Binti anayekataa ni aibu ya nyumba, lakini binti mwenye jini ni mgonjwa tu, na mgonjwa anatafutiwa dawa. Akaitwa Malam Habu, shehe anayefukuza majini kwa kisomo, aje Jumamosi asubuhi kumsomea. Jini akishatoka, harusi iendelee.

Ijumaa Suwaiba aliruka ukuta akaja jikoni kwangu, akampigia simu Ladidi, akaweka kipaza sauti.

"Anti Ladidi, kesho wananisomea."

"Nimesikia. Sasa nisikilize vizuri," Ladidi akasema. "Kisomo kikifika katikati, anza kutetemeka. Polepole, usikurupuke. Kichwa kilegee kwanza, halafu mabega. Kisha toa sauti hapa, chini ya kitovu. Sema wewe ndiye wa mkwajuni, na hutamruhusu aolewe mpaka amalize chuo. Watakubali. Jini hakuna anayebishana naye."

Mwiko ulinidondoka. "Ladidi," nikasema, "wewe hayo umeyajuaje?"

"Mairo, endelea kupika."

Nilikaa kwenye kigoda. Suwaiba hakushangaa. Nadhani alikwisha kukisia zamani, kwa masikio yake yale.

"Halafu, Anti?"

"Halafu unakwenda chuo."

"Halafu nikirudi na cheti changu, nani atanipa mtoto wake nimchome sindano? Watasema yule nesi ana jini. Na siku nikimpenda mtu, nitamwambia nini? Kwamba jini mwenyewe ameniruhusu?"

Ladidi alipojibu, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mwanangu, ukisema ni wewe hawatakusikia. Mimi nilisema ni mimi, siku thelathini na tisa. Nilimwambia baba, nilimwambia mama, nilimwambia Sani. Hakuna aliyenisikia. Siku ya arobaini nikasema ni jini, na wote wakasikia."

"Basi nami hawatanisikia," Suwaiba akajibu. "Lakini nitakuwa nimesema mimi." Akafuta macho kwa ncha ya kitambaa, akanisaidia kukoroga mchuzi uliokuwa umeshika chini.

Jumamosi ua wa Malam Yunusa ulijaa. Binta alikuwa mlangoni mwa jiko, mgongo ameupa watu, kama inavyompasa mama wa mzaliwa wa kwanza siku mtoto wake anapoangaliwa. Malam Yunusa alikaa karibu na Malam Habu. Suwaiba katikati, amefunikwa shuka jeupe. Pembeni kulikuwa na bakuli la maji, na kando ya bakuli fimbo ya mtende, ya kumchapia jini akikataa kutoka. Kisha mlango ukafunguliwa akaingia Ladidi, mtu asiyetoka kwao ila kwa msiba, na wanawake wakasogeza mikeka kumpisha, jini wake apate nafasi ya kukaa.

Malam Habu si tapeli, nataka hilo lijulikane. Alisoma vizuri, kwa sauti tamu. Akanyunyiza maji. Suwaiba alitulia kama mtu aliyekaa kusubiri zamu yake hospitali.

"Wewe uliye ndani ya mtoto huyu," Malam akauliza, "ni nani?"

"Ni Suwaiba."

"Nimemuuliza aliye ndani."

"Ndani na nje, Malam, ni Suwaiba. Sitaki kuolewa na Alhaji Sagiru. Nataka kwenda chuo."

Nilicheka. Nilijaribu kuzuia, nikashindwa.

"Mnaona!" Shangazi Delu akaruka. "Ndivyo wanavyofanya! Anakana! Sura ya tisa alikana hivihivi, akajifanya yeye ndiye Nafisatu!"

"Shangazi," shuka likauliza taratibu, "sura ya tisa umeisikilizia wapi?"

Malam Yunusa aligeuka akamtazama dada yake. Delu akaanza kurekebisha kilemba ambacho hakikuwa na kosa. Lakini neno lake lilikwisha kuingia. Malam Yunusa akasema, "Endelea, Malam," na Malam Habu akasoma tena, akauliza tena, akajibiwa vilevile mara ya pili na ya tatu. Kila Suwaiba alipojitaja, vichwa vilitikisika: jini mkaidi huyu. Nilipandwa na hasira. Mtoto anasema jina lake mwenyewe, na watu wazima wanamwambia si yeye.

Mkono wa Malam Habu ukaenda kwenye fimbo.

"Iache hiyo," Ladidi akasema, akasimama. Kisha akafungua kinywa, na ikatoka ile sauti. "HUYU NI MKE WANGU TANGU HAJAVUNJA UNGO. MWANAMUME ATAKAYEMGUSA..."

Wanawake walipiga ukelele. Mmoja alikanyaga sinia. Delu alikuwa amekwisha fika ukutani. Na Ladidi, katikati ya sentensi, akainama, akachukua karanga kwenye sahani, akatafuna.

"Karanga zenu hazijaiva," akasema kwa sauti yake ya kila siku. "Mmesikia? Nirudie? Naweza kusema kwa hiyo na kutafuna kwa hii. Nimefanya hivyo kila alasiri kwenye simu zenu. Hakuna jini. Hakuwahi kuwako. Nilikuwa na miaka kumi na sita, sikumtaka yule mzee, na maneno yangu hayakufaa kitu katika nyumba ile, kwa hiyo niliazima maneno ya jini. Nimemlisha jina langu miaka ishirini na minne. Mtoto huyu ameniambia jana hataki kuazima. Anasema kwa kinywa chake, nanyi mnataka kumpiga mpaka awadanganye!"

"Huyo ni jini!" Delu akalia kutoka ukutani. "Jini ndiye anayesema hakuna jini!"

"Na wewe Delu, sasa hivi nani anasema?" nikamuuliza. "Wewe, au wa mkwajuni?"

Malam Habu aliinua mkono, tukanyamaza. Aliiangalia fimbo, akaisukuma mbali kwa kidole. "Mimi ninasoma Kitabu cha Mungu," akasema. "Sitaki kukisoma juu ya mtu mzima wa afya. Simjui msichana huyu. Nani hapa anamjua kuliko wote? Aniambie: hii ni sauti yake, au si yake?"

Kila mtu aliangalia mlango wa jiko. Binta hakugeuka. Alishika mwimo wa mlango. Mkwewe alikuwa pale, mawifi walikuwa pale, wanawake wa mtaa mzima walikuwa pale. Nilijisemea: hawezi. Ningemwelewa. Hata mimi, wa kwanza wangu namwita "mwenye nyumba".

"Ni Suwaiba," Binta akasema.

Wanawake wawili walijifunika nyuso kwa aibu yake. Yeye akageuka, akatuangalia wote, machozi yanamshuka, akasema tena kwa nguvu zaidi. "Ni Suwaiba. Ni sauti yake, naijua tangu alipolia mara ya kwanza. Ni Suwaiba, mwanangu."

Shuka jeupe lilianza kutetemeka wakati huo. Hapakuwa na jini. Mtoto alikuwa analia, kwa kuwa hakuwahi kulisikia jina lake likitoka kule. Nami nililia, siwafichi.

Malam Habu akafunga msahafu. "Hapa hakuna mgonjwa," akasema, akaomba viatu vyake.

Malam Yunusa alibaki mkekani. Alimfunua binti yake shuka, akamtazama muda mrefu. "Ingekuwa jini ningemfukuza," akasema. "Wewe nitakufukuza vipi?"

"Usinifukuze, Baba. Niulize."

Hakumuuliza siku ile. Lakini Jumanne masanduku manane yalirudi kwa Alhaji Sagiru yakiwa na kufuli zake, na mwezi ulipoandama Suwaiba alikwenda chuo na sanduku moja, la kwake, kuukuu, bawaba moja imelegea. Shangazi Delu alijitoa kwenye kundi kwa hasira. Siku ya nne alirudi, akauliza kama Nafisatu ameshajua kuwa mkuu wa shule naye ni jini.

Ila bado sijasema habari za Ladidi mwenyewe, alasiri ya Jumamosi ileile. Habari zilimtangulia nyumbani. Sani alimsubiri mlangoni, na hofu ya miaka ishirini na minne imemtoka, akamfokea kwa yote aliyowahi kuyameza: kwamba amemfanya mjinga, kwamba mzee wa mchele alikuwa rafiki yake, kwamba simu ile izimwe na upuuzi ule ukome, la sivyo atafute pa kukaa. Sisi hatukuyajua hayo. Sisi tulikaa na simu zetu, saa yake ikapita, nikaona leo hatusomewi. Sikumlaumu. Hakuwa tena na wa kumlinda.

Kisha simu yangu ikalia. Ujumbe wa sauti. Akakohoa mara mbili.

"Baraza la Ndani, kaeni kitako. Anayesoma ni Ladidi binti Garba."

Nyuma yake tulimsikia Sani, waziwazi, sote mia moja na kumi na mmoja, maana Delu alikuwa ameshajitoa. "Ladidi! Nimesema zima! Huna jini wewe, unanisikia? Huna kitu!"

"Nakusikia, kaka," Ladidi akasema. Sauti haikuwa nzito, ilikuwa yake ileile nyembamba, na haikutetemeka. "Sina jini. Ni mimi. Kaa hapo kama unataka kusikiliza, au nenda, maana kelele zako zinaingia kwenye hadithi."

Tukasikia kandambili zinasita, halafu zinakwenda. Ladidi akaanza sura ya kumi.